Mguu Unaofukuza Mwenzake

Nilipokuwa msaidizi wa mwalimu wa baleti jijini Nairobi, Jumamosi moja tuliwafundisha watoto hatua ya shase, ambayo Wafaransa huiandika chassé. Ni hatua ya kuteleza: mchezaji hukunja magoti kidogo, huutelezesha mguu mmoja mbele bila kuuinua sakafuni, kisha mguu wa nyuma huja kuchukua mahali pake. Watoto walishika hesabu vizuri, lakini miguu ilikuwa ikitembea tu, kila mmoja kwa wakati wake, kana kwamba haijuani.

Ndipo msichana mmoja mzaliwa wa Lubumbashi akauliza kwa Kiswahili cha kwao, “Madamu, banafukuza nani?” Wenzake walicheka, ilhali swali lilikuwa na msingi. Kongo, mwanafunzi anayerudishwa nyumbani kwa kukosa karo husemwa kwa Kifaransa kuwa ni chassé, yaani amefukuzwa, na neno hilohilo ndilo jina la hatua. Mwalimu akasimamisha muziki, akamjibu kwamba anayefukuzwa ni mguu wa mbele: wa nyuma unauandama, unaufikia, unauondoa pale ulipokuwa. Alilionyesha jambo hilo polepole, akiburuta kiatu chake laini mpaka kisigino cha mbele kikasukumwa na kuondoka.

Kwa watoto wale sidhani kama kuna maelezo ambayo yangefaa zaidi. Waliposikia neno la Kifaransa walitaka kujua limefikaje Nairobi, naye akawaeleza habari za Louis wa 14, mfalme aliyekuwa mchezaji hodari, ambaye mwaka 1661 alianzisha chuo cha kifalme cha dansi mjini Paris; kuanzia hapo istilahi za Kifaransa zikawa lugha ya baleti kila inakochezwa. Marekani, wacheza dansi za vijijini walilitamka neno hilo kwa namna yao hadi sauti zake zikapinduana, likawa sashay, na sasa hutajwa pia kwa mtu anayetembea kwa maringo. Hilo liliwapendeza mno wasichana wakubwa.

Walipovuka ukumbi tena kwa mshazari, miguu ilifukuzana kwelikweli. Mwalimu akaanza kumgeukia yule msichana kwa kila jina jipya. Plie? “Kukunjwa.” Jete? “Kutupwa,” akasema, na safu nzima ikarusha miguu kabla hesabu haijaanza.