Ndoo ya bia hailazimishwi, inalowekwa

Nimechoka kuambiwa ninunue ndoo mpya. Kila nikikutana na mtu anayepika bia nyumbani hapa Mombasa, akisikia bado natumia plastiki, anaanza: plastiki haitakati, plastiki inashika harufu, ndoo ya kuchachushia ni ya kutupa baada ya mapishi machache, tafuta pipa la chuma kisichoshika kutu. Hilo pipa la chuma, kwa bei niliyotajiwa, ni kodi ya nyumba ya miezi. Ndoo yangu ya lita 25 niliipata soko la Kongowea kwa mia kadhaa, na miaka imepita bia inatoka humo safi, haina ukali wa siki wala harufu ya dawa. Ninajivunia ndoo ile. Haijawahi kuguswa na kitu cha kukwaruza tangu ilipoingia kwangu, na hapo ndipo penye kazi yote.

Ushauri ulioniudhi kuliko wote ni wa makumbi na mchanga. Sote tuliolelewa Pwani tumeona sufuria ikisuguliwa kwa kumbi la nazi na jivu mpaka ikametameta, na kwa sufuria ni sawa kabisa. Lakini mtu anakutazama machoni anakwambia uifanyie hivyo ndoo ya plastiki! Wengine wanasema waya wa kuoshea vyombo, wengine brashi ngumu ya choo, bora iwe mpya. Plastiki ni laini. Kila ukisugua kwa kitu cha kukwaruza unachimba mifereji midogo ambayo jicho halioni, na bakteria wanaochachua maziwa, ndio hao hao wanaoharibu bia, upana wao ni kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwao mkwaruzo huo ni bonde. Wakishaingia wanajijengea utando, halafu dawa yoyote unayomimina inapita juu yao. Na joto letu la digrii 30 hivi linawapendeza sana. Mtu wa kule Limuru kwenye baridi akiacha masalio ndooni usiku mmoja pengine atasamehewa. Sisi hatusamehewi.

Ushauri mwingine nilipewa na mgema wa upande wa Rabai, mzee ninayemheshimu na ambaye tembo lake la mnazi sijaona la kulishinda. Aliponikuta nimeinamia ndoo alisikitika. "Mwanangu," akasema, "chombo cha tembo ukikiosha sana unakiua. Kibuyu ndicho chenye hamira."

Kwa kazi yake amesema kweli tupu. Utomvu wa mnazi hauhitaji hamira ya dukani. Hamira na bakteria waliomo kibuyuni na hewani wanaanza kazi kabla mgema hajashuka chini, jioni tembo ni tamu, kesho ni kali, na ukizidi kuliacha unapata siki. Wote wanaruhusiwa humo na wote wana wakati wao. Bia ni kinyume chake. Maji ya kimea nimeyachemsha saa nzima pamoja na maua ya hopi, yale yanayoipa bia uchungu, ili asibaki mtu ndani, kisha namwalika mgeni mmoja tu, hamira niliyoichagua. Aliyejificha ndooni akitangulia kula, kazi yote imeharibika. Nikamwambia, "Mzee, lako linanyweka leo. Langu linakaa wiki mbili ndani ya ndoo hii." Akacheka, akasema basi pole na kazi.

Sasa nisimulie ya ndoo ya pili, maana ndiyo iliyoninyamazishia wabishi.

Rafiki yangu alihamia Nairobi akaniachia vyombo vyake. Ndoo ilikuwa nzuri, plastiki nene, chini ina ile pembetatu yenye namba 2, yaani polithini nzito, inayofaa kwa chakula. Lakini aliiacha bila kuiosha. Juu ya mstari ambapo bia ilifika palikuwa na pete ya ukoko, kahawia, ngumu, imekauka kwa majuma. Ukoko huo ni povu la uchachukaji likikauka: protini za kimea, utomvu wa hopi na hamira iliyokufa. Unanata kuliko ukoko wa ugali. Jirani aliyeuona alinyoosha mkono kuchukua kisu. Nilimzuia, samahani nilimzuia kwa sauti.

Njia ya kawaida ni kujaza ndoo mpaka ukingoni kwa maji ya uvuguvugu yenye sodiamu pekaboneti, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne, na kuiacha. Unga huo ni magadi ya kufulia, jamii ya yale yanayotoka Ziwa Magadi, yaliyofungamanishwa na haidrojeni peroksaidi. Ukiingia majini peroksaidi inaachiliwa, vipovu vya oksijeni vinaingia chini ya uchafu na kuubandua, na magadi yanayeyusha mafuta na protini. Unauzwa kama dawa ya madoa ya nguo, ila soma nyuma ya pakiti: nyingi zimetiwa manukato, na plastiki ikishika manukato hayo utayanywa. Mimi naagiza usio na harufu kutoka kwa wauza kemikali.

Shida yangu juma lile ilikuwa maji. Mfereji ulikuwa mkavu, mkokoteni wa maji ulipita kwa bei ya kukutoa jasho, na mimi nitumie lita 25 kulowekea pete yenye upana wa vidole vitatu? Nilikaa nikaitazama ndoo. Uchafu uko juu, maji yanakaa chini. Basi maji yapandishwe juu kwa njia nyingine.

Nikatafuta kitambaa. Leso kuukuu zilikuwepo tele, lakini leso inachuja rangi na sikutaka ndoo nyekundu. Nikapata shuka jeupe la pamba lililochanika, nikalichana vipande vya upana wa kiganja. Saa nane mchana nikapanda juu ya paa la zege, nikafungua maji ya lile tangi jeusi. Kila mwenye tangi jeusi Mombasa anajua maji ya saa hiyo: mkono unayavumilia kwa taabu. Lita nne tu. Nikakoroga unga, nikavaa glavu kwa sababu unga huu unakausha na kuwasha ngozi, nikachovya vipande na kuvibandika kuizunguka pete yote, kimoja kikikalia ncha ya mwenzake. Maji yaliyobaki nikayaacha chini ya ndoo. Kifuniko nikakiweka juu tu bila kukibana. Zingatia hapo: oksijeni inatoka, na ndoo iliyobanwa itavimba mpaka kifuniko kiruke. Halafu nikaifunika ndoo nzima kwa turubai jeusi, jua likafanya kazi ya gesi.

Kila nilipopanda kuanua nguo nilichota maji ya chini nikayamwagia vitambaa visikauke. Alasiri ilipoingia nikavuta kipande cha kwanza. Ukoko ulitoka nao. Wote, kwa utepe mrefu, na chini yake plastiki nyeupe isiyo na alama! Sikutumia hata ukucha. Palibaki doa moja karibu na mpini, nikalirudishia kitambaa usiku kucha ndani ya nyumba, asubuhi nikalifuta kwa kidole. Nilimwita yule jirani wa kisu aje aone, na tangu siku ile ananiletea mitungi yake nimtazamie.

Usiiache ndoo yenyewe juani siku baada ya siku, lakini. Jua linaivunja plastiki polepole, inakuwa kavu na kupasuka. Na kama chombo chako ni lile jagi linaloonyesha ndani, lenye namba 1, hayo maji ya tangi yanatosha, usimimine ya kuchemka: plastiki ile ikipata joto la digrii 60 kwenda juu inalegea na kujikunja. Mitungi migumu ya maji ya kunywa yenye namba 7 mara nyingi ni polikaboneti, na hiyo haipatani na magadi. Bora uiache ibaki ya maji.

Koki. Watu wanaosha ndoo mpaka inang'aa na koki wanaipulizia maji tu. Koki nyingi za plastiki zina sehemu mbili, ganda la nje na kigurudumu cha ndani kinachozunguka, na kati yake bia inapenya na kukaa. Ichomoe ndooni, itumbukize kwenye maji ya moto dakika chache ganda lilainike, kisha sukuma cha ndani kwa mpini wa mwiko wa mbao. Kinatoka kwa mlio. Utakachokiona humo, hasa kama koki ni ya mtu mwingine, kitakufundisha kuliko maneno yangu. Mpira wa kuzuia kuvuja nao uondoe, una upande wa nyuma unaosahaulika. Na kile kitundu cha kifuniko kinapoingia kibomba cha kutolea hewa.

Nilipohamia kwenye maji ya kisima nilianza kuona ukungu mweupe ndooni baada ya kukausha. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yamejaa chokaa, na magadi yakikutana na chokaa yanaiangusha ikaganda kwenye plastiki. Sio uchafu wa bia lakini bakteria wanaukalia. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji inautoa, au unga wa ndimu, asidi ile ya sitriki, kijiko kimoja kwa lita moja, robo saa inatosha. Suuza magadi kwanza, maana viwili hivi vinauana nguvu.

Hayo yote ni kusafisha. Kuua vijidudu ni kazi nyingine na huja mwisho, dakika chache kabla ya kumimina maji ya kimea. Natumia Star San, asidi ya fosforiki yenye kitoa povu, mililita 30 kwa lita 19, inagusa kila pembe kwa dakika moja au mbili na haisuuzwi. Kwa maji ya kisima inageuka maziwa na kupoteza ukali, kwa hiyo nanunua maji ya chupa ya dukani, nachanganya lita moja na mililita moja na nusu hivi, naweka kwenye chupa ya kunyunyizia. Chupa ndogo ya dawa si rahisi, elfu kadhaa, lakini kwa kunyunyizia inakaa mno.

Klorini ya kufulia inaua pia, sikatai, na ni ya bei ndogo. Ila inahitaji kusuuzwa sana kwa maji yaliyochemshwa, na ikibaki kidogo inaungana na vitu vilivyomo kwenye kimea na bia nzima inanuka plasta ya hospitali. Nimeonja bia hiyo kwa mtu, nikaimaliza kwa adabu tu. Kuna wanaofundisha watu waichanganye na siki ili iwe kali zaidi. Tafadhali. Klorini ikikutana na asidi inatoa gesi yenye sumu, na vyumba vyetu vya kuogea vina dirisha la ukubwa wa daftari. Asikwambie mtu.

Harufu ya hopi iliyobaki baada ya yote haidhuru, plastiki inaikumbuka na bia inayofuata haiijali. Harufu ya siki au ya soksi ndiyo ya kuogopa. Mimi najaza maji ya uvuguvugu, nafunika usiku, asubuhi nafungua na kunusa kabla sijala chochote. Kisha usiku mwingine, taa zikiwa zimezimwa, naweka tochi nje ya ukuta wa ndoo na kutazama ndani. Utando unaonekana kama kivuli, mkwaruzo unaonekana kama uzi. Ndoo yenye nyuzi nyingi chini naitoa kwenye bia, naweka mchele.

Kausha ndoo ikiwa imeinamishwa juu ya vijiti ili hewa ipite, kifuniko kikiwa mbali. Msimu wa maembe funika mdomo kwa chachi, kwa sababu wale nzi wadogo wa matunda wanabeba bakteria wa siki miguuni na wanaipata ndoo ya bia popote ilipo. Usiweke ndoo ndani ya ndoo nyingine, zinakwaruzana. Na siku ya kuhamisha bia kwenye chupa, kabla hujakaa kuonja, mimina maji ndooni. Ukoko mbichi unatoka kwa dodoki laini na maji matupu, saa hiyo hiyo, bila unga wala turubai.