Siku moja maishani mwangu: fundi mtandao Kariakoo

Saa 2 asubuhi nimeanza na printa ya mteja mmoja Posta, hiyo haikuchukua muda. Saa 3 na nusu nikafunga rauta sehemu nyingine, nikanywa chai.

Saa 4 simu ikaita. Duka la jumla Kariakoo, dada wa kaunta anasema fundi njoo haraka, seva ya stoo, ile kompyuta kuu ya duka, haionekani kwenye kompyuta hata moja, wateja wamejaa. Nafika, nampa bosi shikamoo, anaitikia juu juu, "kijana, badilisha waya, waya umekufa, si unaona taa imezima?" Kweli taa ya kadi ya mtandao nyuma ya seva ilikuwa imezima. Lakini kuna kadi ambazo taa haiwaki mpaka mfumo uiwashe kadi yenyewe, nikamweleza hivyo, hataki, kaagiza waya mpya, tumechomeka, giza vilevile. Sasa akaja na jingine, seva inaendeshwa na mfumo wa Linux, anasema basi futa hiyo Linux weka Windows. Jamani mle ndani mna hesabu zao zote!

Nikapiga magoti chini ya meza, vumbi, joto, feni hamna. Nikaandika ip a, amri ya kuonyesha kadi za mtandao. Kadi ipo, inaitwa enp4s0, imeandikwa DOWN, yaani imezimwa, anwani ya mtandao haina. Nikaandika amri ya kuiwasha, ip link set enp4s0 up, taa ikawaka kijani palepale, kwa hiyo waya wala haukuwa na neno. Kufungua faili la netplan, lenye mipangilio ya mtandao, nakuta kadi imeandikwa enp3s0. Nikauliza jana nani kafungua hii mashine? Kimya. Baadaye dogo wa stoo akasema waliongeza diski ya NVMe, ile inayochomekwa kwenye ubao wa mashine, usiku.

Ndo hapo sasa. Linux inaipa kadi jina kufuatana na mahali ilipokaa kwenye ubao, hiyo 3 kwenye enp3s0 ni namba ya basi ya PCI, yaani njia ya kwenye ubao inayounganisha vifaa, ukiongeza kifaa namba zinaweza kusogea, ile 3 ikawa 4. Kadi nzima, waya mzima, ila maelekezo yote yanamsubiri mpangaji aliyeshahama chumba.

Ningeweza kubadili jina tu nikaondoka, ila siku wakiifungua tena tunarudi kulekule. Kwa hiyo nikaandika netplan iitafute kadi kwa namba yake ya MAC, namba ya utambulisho ya kadi yenyewe, hiyo haihami hata uchomeke nini. Nafasi za mistari nazipanga kwa spesi, maana ukiweka tab faili linagoma. Halafu netplan try, hii naipenda sana, usipothibitisha ndani ya sekunde 120 inarudisha mipangilio ya zamani yenyewe. Nikathibitisha, nikaping rauta, yaani nikaitumia ujumbe kuona kama inajibu, inajibu, dada wa kaunta kapiga kelele "imerudi!"

Ilishapita saa 8, sijala. Bosi anauliza hela yote hiyo kwa mistari miwili mitatu? Iliniuma, maana duka lake lilisimama asubuhi nzima na data yake hata moja haijapotea. Kalipa nusu, nyingine kasema Ijumaa.

Jioni huko sijui hata saa ngapi nilimaliza kwa mteja wa mwisho, niko njiani dogo wa stoo ananipigia, fundi, bosi anataka tuongeze na kadi nyingine. Nikamwambia ongezeni, ila mniite kabla hamjazima mashine.