Mjini au kijijini?

Leo nimejaza fomu, nikakwama kwenye swali moja: unaishi mjini au kijijini?

Kalamu ikabaki hewani. Lami ninayo, umeme ninao, lakini usiku nasikia vyura kuliko magari.

Nikatoa simu, nikachungulia. Kumbe kila nchi na kipimo chake! Denmark, makazi ya watu 200 tayari ni mji. Japani, jiji huanzia watu 50,000. Kipimo cha pamoja cha Umoja wa Mataifa cha 2020 kinatazama idadi ya watu na msongamano wao kwa kilomita ya mraba.

Vyura wangu hawamo kabisa. (Iliniuma, sitaki uongo.)

Nikatia alama katikati ya visanduku viwili. Karani akacheka, akaipokea.

Nyie wenzangu, kwako unajuaje ni kijijini?