Jicho la kulia, mara ya tatu

Ndugu zangu, retina ya jicho langu la kulia, ule utando wa nyuma ndani ya jicho unaopokea mwanga, imeachia ukuta wa jicho tena. Safari hii sikuona vimulimuli vya mwanga wala vile vidoa vyeusi vinavyoelea kama mbu. Niliamka tu nikakuta kiza kama pazia upande wa pua.

Mara ya kwanza walinifunga mkanda wa silikoni kuzunguka jicho kwa nje, ili ukuta wake usogee uiguse retina. Mara ya pili walitoa ute wa ndani, wakachoma kingo za tundu la retina kwa leza, wakajaza gesi iishikilie retina mahali pake. Siku saba nililala kifudifudi, nikala nimeinama, nikasali nimeinama. Mke wangu aliniwekea uji na mrija chini ya uso. Ndege marufuku, maana gesi hutanuka angani ikalikandamiza jicho. Shangazi alizikwa Mwanza bila mimi.

Sasa daktari anasema makovu yameota juu ya retina na yanaivuta, ndiyo maana haitulii. Atayabandua, kisha aweke mafuta ya silikoni badala ya gesi. Mafuta hayo hayaishi yenyewe. Baada ya miezi kadhaa nitarudi yatolewe. Hakuniahidi kuona kama zamani, na namshukuru kwa kuniambia kweli.

Ukiona vimulimuli au pazia, nenda siku hiyo hiyo, usisubiri Jumatatu. Mara ya kwanza mimi nilisubiri siku nne, na bado inaniuma.

Naingia chumba cha upasuaji Alhamisi asubuhi. Niombeeni.