Nilivyopika pilau bila kitunguu Bukini

Mdogo wangu wa kiume alipotuambia kwamba anaoa Antsirabe, mama aliuliza swali moja tu: "Huko wanakula nini?" Baba hayupo, magoti ya mama hayataki safari, kwa hiyo nikatumwa mimi kwenda kuposa, na swali lile nikapanda nalo ndege. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Tanga. Sufuria za pilau ndizo zilizonisomeshea watoto. Nguruwe sili, na nilishaambiwa kwamba kwenye nyanda za juu za Madagaska nyama ya nguruwe ni chakula cha heshima, mgeni ndiye anayetengewa minofu.

Wazee wetu wa pwani kisiwa kile walikiita Bukini na watu wake Wabuki. Nilikuwa nikilisikia jina hilo kwa bibi yangu, nikidhani ni mahali pa hadithi tu.

Nilipitia Nairobi, nikashuka Antananarivo mwezi wa saba. Mji ule uko juu, zaidi ya mita 1,200, na Julai kwao ndiyo kipupwe chenyewe, si hiki chetu cha kujifunika shuka. Nilikuwa na khanga na sweta la kuazima. Mdogo wangu akanipeleka moja kwa moja sokoni Analakely tukanunue koti la mtumba. Hapo nikamwona mama ana chuma chenye vishimo vya duara juu ya mkaa, anamimina uji wa mchele, anageuza kwa kijiti. Vitumbua! Wao wanaviita mofo gasy. Havina nazi wala iliki, na ni vikavu kuliko vyetu kwa kuwa mafuta wanapaka tu, lakini nilikula vitano nimesimama. Pembeni sambusa, jina lake sambos. Jioni mishikaki midogo ya ng'ombe, jina lake masikita. Ng'ombe mwenyewe wanamwita omby, kuku akoho, kanga akanga. Lugha yao asili yake ni ng'ambo ya bahari, huko Borneo, lakini ukiingia zizini unaelewana nao.

"Mbona umeoa jirani," nikamwambia mdogo wangu.

"Subiri kwanza," akasema.

Kesho yake tukapanda taxi-brousse, ambayo ni kama daladala ya safari ndefu, kwenda Antsirabe, kilomita kama 170 kusini. Katikati ya njia ikasimama kwenye hotely. Neno hilo wanalitumia kama tunavyolitumia sisi: hoteli ya kula, si ya kulala. Utaratibu wake ni mwepesi. Kuna vary, yaani wali, na kuna laoka, yaani kitoweo chochote kinachousindikiza. Wali unajaa sahani, laoka inakuja kwenye kibakuli kidogo, na pembeni pilipili ya kusaga, sakay, ambayo inaunguza kweli. Nikaonyesha kidole kwenye maharage. Nikajisemea maharage hayana neno.

Kijiko cha pili nikauma kitu laini chenye kuteleza. Nikauliza kwa macho. Yule mwenye hoteli, kwa furaha kabisa, akasema: "Henakisoa!" Nguruwe. Nikatema kwenye leso, nikatoka nje kusukutua. Niliporudi alikuwa ananitazama kama niliyemtukania mama yake. Nikashika tumbo kuonyesha linauma. Akaenda kuniletea maji ya moto na chumvi, ikabidi niyanywe, na bado uso wake haukukunjuka. Uongo wa mpishi mwenzako unaujua tu.

Mdogo wangu alipoingia, nikamweleza. Akacheka, kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonilisha wiki tatu zilizofuata: "Dada, huku usisingizie tumbo, wala usianze kueleza dini. Sema fady."

Fady ni mwiko, ila kwao una uzito kuliko tunavyoutumia sisi siku hizi. Kila ukoo una fady zake, kila kijiji, pengine hata mtu mmoja, na zote zimetoka kwa razana, wahenga wao. Kuna koo hazigusi nguruwe tangu enzi na wala hawajawahi kuingia msikitini. Wengine hawali mbuzi. Kuna kijiji shamba la mpunga haliguswi Alhamisi. Hakuna anayekuuliza kwa nini. Hata neno lao la kuomba radhi au kuomba njia, azafady, ukilipasua ndani yake mna "isiwe fady". Akanifundisha sentensi: "Fady henakisoa aho." Nikaisema pale pale, kwa matamshi ya Tanga. Uso wa yule mama ukafunguka. Akaondoa bakuli, akaleta jipya lenye kuku wa tangawizi, na akaniomba radhi yeye.

Ukweni nilifikishwa usiku, na hapo nikakutana na neno lililonivuruga kuliko fady. Mama wa binti, Neny, alinikaribisha akasema tusubiri kidogo, Dada anakuja. Nikakaa vizuri, nikategemea msichana. Akaingia mzee wa makamo, kofia ya majani kichwani, blanketi begani. Dada kwao ni baba. Bibi ni Bebe, hilo halikunisumbua.

Mle ndani walikula wali mara tatu kwa siku, sitanii. Asubuhi vary sosoa, wali wa majimaji kama uji, na kitoza, nyama ya ng'ombe iliyokatwa mikanda ikakaushwa kwa moshi. Mchana wali. Usiku wali. Mchele haupimwi kwa kilo bali kwa kapoaka, kopo tupu la maziwa mazito, na makopo matatu na nusu ndiyo kilo. Wanakula kwa kijiko. Siku ya kwanza nilitia mkono kama nilivyolelewa, watoto wakaacha kula wakawa wanatazama vidole vyangu. Siku ya pili nikashika kijiko. Na mkubwa asipoanza, huanzi; hilo sikuhitaji kufundishwa.

Neny alipoelezwa mwiko wangu, hakusema kitu. Alitoka akarudi na sufuria ndogo mpya na kijiko, akakifunga uzi mwekundu mpini kisichanganywe na vingine. Siku ya ravitoto, ambacho ni kisamvu chetu hasa, tulitwanga majani pamoja kwenye kinu kirefu, mchi huu na mchi ule kwa zamu. Chao kikapikwa na nguruwe, changu na ng'ombe, majiko mawili mbalimbali. Nilimwambia kwetu tunatia nazi. Akasema na watu wa pwani yao hutia nazi, kwa namna ya mtu anayesema kwamba watu wa pwani ni wa pwani tu.

Romazava ndiyo iliyonitisha. Ni mchuzi mwepesi wa nyama na mboga za majani, na mojawapo ya majani hayo, anamalaho, hufanya ulimi ufe ganzi kama umetoka kung'olewa jino. Hawakuniambia. Nilinyamaza nikitafuta shahada moyoni, mpaka nikaona watoto wanachekea kwenye mikono.

Lakini kitu kimoja sikukizoea mpaka leo. Wali ukishapakuliwa, sufuria inarudishwa motoni na ukoko wake. Unaachwa uungue mpaka uwe kahawia, halafu yanamwagwa maji, chaaa, yanachemshwa, na hicho ndicho kinywaji cha kila mlo: ranovola. Kina ladha ya moshi na kinashusha chakula vizuri, nakiri. Ila mimi natoka nyumba ambayo watoto wanapigania ukoko mpaka wanalizana. Kila mlo nilikuwa naangalia ukoko mzuri, wa duara, uliokauka sawasawa, unazamishwa.

Zikabaki siku mbili kufika vodiondry, ndiyo posa yao. Nikatangaza kwamba pilau nitapika mimi. Mdogo wangu akanipeleka sokoni kwa pousse-pousse, kigari kinachokokotwa na mtu mbio, Antsirabe vimejaa. Nikatajiwa bei ya nyama nikashika kiuno. Kumbe mzee yule alikuwa anahesabu kwa faranga, fedha iliyoondolewa mwaka 2005. Ariary moja ni faranga tano, na wazee hawajataka kubadilika. Ukigawa kwa tano unapumua. Karafuu sikuwa na haja ya kubeba kutoka nyumbani, nao ni wakulima wa karafuu. Bizari nyembamba na iliki nilikuwa nazo kwenye begi. Nikamalizia na vitunguu kilo tatu na vitunguu saumu vichwa kumi.

Tulipofika, nikatua kikapu mlangoni. Bebe alikuwa kwenye mkeka wake. Akakitazama kikapu, akanyanyuka polepole, akapita akiinama kidogo, akatoka nje. Hakusema hata neno. Neny akaja mbio, akakichukua kikapu kwa mikono miwili kama kilicho na nyoka, akakipeleka kwa jirani.

Fady. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vyote viwili, kwa upande wa Bebe, tangu kwa babu zake. Haviliwi na haviingii nyumba anayolala. Nilitamani ardhi inimeze. Mpishi mzima, wiki nzima nimekula jikoni mle, sikugundua kwamba hakuna harufu ya kitunguu; tangawizi na nyanya zilikuwa zimenifunga pua. Nilimfuata Bebe nje nikamwambia azafady, nikarudia. Akanishika mkono, akasema kitu, mdogo wangu akatafsiri: "Na wewe una wako."

Sasa pilau bila kitunguu ni nini? Anayepika anajua. Rangi ya pilau ni kitunguu kilichokaangwa mpaka kikakaribia kuungua. Ukikiondoa unabaki na wali wa bizari. Usiku ule sikulala vizuri. Alfajiri nikachemsha nyama kwa tangawizi nyingi na chumvi, nikaitoa kwenye supu, nikaiacha ikauke kabisa. Nikabandika sufuria juu ya fatapera, jiko lao la mkaa, mafuta yakapata moto hasa, nikaikaanga nyama kidogokidogo bila kuijaza, mpaka kila kipande kikashika kahawia na chini ya sufuria kukafanya utando. Utando huo ndio niliokuwa nautafuta. Nikatia bizari, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, nikahesabu mpaka kumi, nikamwaga supu, nikaukwangua utando kwa mwiko (mwiko wa kupikia, nilicheka peke yangu). Supu ikageuka rangi ya chai ya rangi. Nikatia mchele, kapoaka 28, nikafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Neny hakuwahi kuona moto ukiwekwa juu ya sufuria. Akamwita jirani naye aje aone.

Vodiondry maana yake ni sehemu ya nyuma ya kondoo, nyama ya heshima iliyokuwa ikipewa wakubwa. Siku hizi ni bahasha. Lakini bahasha haitolewi hivi hivi. Kwanza kuna kabary. Kila upande una msemaji wake, na wanajibizana kwa methali, mmoja anaomba, mwingine anajifanya hasikii. UNESCO iliiingiza sanaa hii kwenye orodha ya urithi mwaka 2021. Neno lenyewe ni ndugu wa "habari" yetu, yote mawili yametoka kwenye Kiarabu. Msemaji wetu alianza kwa kuomba radhi, na aliomba radhi muda mrefu kweli: kwa kusimama mbele ya wakubwa, kwa kusema kabla yao, kwa umri wake. Washenga wetu wangejifunza kitu.

Kisha akafika kwenye kutambulisha ujumbe. Mdogo wangu alikuwa amemwandikia kwenye karatasi kwamba nimekuja mimi, dada. Akasoma kwa sauti ya kishindo kwamba kutoka Tanga, ng'ambo ya bahari, amefika Dada. Watu wakageuza shingo kumtafuta mzee. Nikasimama mimi, na leso zangu na ushungi. Kimya. Halafu mjomba mmoja nyuma akapasuka kicheko, nyumba nzima ikafuata, na baba wa binti akainuka, akavua kofia, akanipa mkono akisema: "Manao ahoana, Dada." Toka hapo wote waliniita hivyo. Msemaji wao, ambaye kazi yake ilikuwa kutubania, alishindwa kurudi kwenye ukali, na bahasha ikapokelewa mapema.

Pilau ililiwa. Rangi yake haikufika ya Tanga, nasema wazi, na harufu ilikuwa imeegemea karafuu mno. Bebe alipelekewa ya kwanza, akaanza, nasi tukaanza.

Walipomaliza nikamwona Neny anakuja na birika la maji, anaelekea kwenye sufuria yangu. Nikamwahi. "Azafady!" Nikaingiza mwiko, nikabandua ukoko kiasi cha kiganja, nikaufunga kwenye jani la mgomba. Uliobaki akaumwagia maji. Yakachemka, yakatoka mekundu, yananukia mdalasini na iliki. Bebe alikunywa kikombe, akaomba cha pili, akamwambia Neny kitu nikaomba nitafsiriwe: kwa nini siku zote wanachemsha ukoko wa wali mweupe?