Swali nililochelewa kumuuliza mdogo wangu

Saa tano usiku mdogo wangu aliingia chumbani kwangu, akaweka simu yake mezani, kioo kikiwa chini, akasema, "Dada, kaa nayo tu." Ilikuwa imezimwa. Nikadhani amechoshwa na wadai, maana wiki ile simu ililia tangu alfajiri: mikopo mitatu ya simu, mfanyakazi mwenzake, na namba nyingine ambazo hakutaka kunieleza ni za nani. Sikujua kwamba mchana wa siku hiyo alikuwa amegawa viatu vyake vizuri, na amemwandikia mama ujumbe mrefu wa kuomba radhi ambao hakuutuma.

Mimi nilikuwa nahesabu hela. Mkeka wake wa kubeti ulipochanika vibaya mara ya kwanza, nilimlipia. Akalia, akaapa, tukayamaliza. Mara ya pili nikalipa tena, safari hii na maneno makali juu. Baadaye ndipo nikasoma kwamba kutegemea watu wakukwamue kwenye madeni ya kamari ni mojawapo ya dalili tisa za ugonjwa wa kamari zilizomo katika DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka mwaka 2013. Dalili nne ndani ya miezi 12 zinatosha kuitwa ugonjwa. Nilizipitia moja moja huku namfikiria yeye, nikafika saba.

Iliyommaliza ni ya kufukuzia hela iliyoliwa. Alinieleza mwenyewe: "Ukiliwa, dada, huoni kama umepoteza. Unaona hela yako iko kule, inakusubiri uifuate." Kuna mkeka wa mechi nane anaoukumbuka mpaka leo. Saba ziliingia, ya nane ikasawazishwa dakika ya mwisho. Usiku huohuo alikopa tena, kwa sababu aliona amekaribia. Mwaka 2009 watafiti waliopima ubongo wa watu wakicheza mchezo wa mashine ya kamari waliona kuwa kukosa padogo huamsha sehemu zilezile zinazoamka mtu anaposhinda. Nilipomsomea hilo alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe."

Nirudi kwenye ule usiku. Kulikuwa na swali nililokuwa nikilikwepa kwa wiki kadhaa, nikiogopa kwamba nikilitamka nitampa wazo. Hofu hiyo haina msingi. Tafiti zimeonyesha kuwa kumuuliza mtu waziwazi hakumpandikizii nia, na wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Wakati ule sikuwa najua. Niliuliza kwa sababu ya jinsi alivyosimama mlangoni, kama mtu anayeaga.

"Unafikiria kujiua?"

Akakaa chini. "Tangu Jumapili."

Sikumhubiria. Nilitandika godoro sakafuni, tukalala chumba kimoja taa ikiwaka, na asubuhi tukaenda hospitali pamoja. Daktari alimuuliza mambo ya kamari kwa utulivu uleule wa kuulizia shinikizo la damu. Akaniambia mimi niondoe nyumbani vitu ambavyo angeweza kujidhuru navyo, na nisimwache peke yake siku zile za mwanzo. Kama wewe unayesoma uko mahali alipokuwa mdogo wangu, tafadhali mwamshe mtu sasa hivi, au piga namba ya dharura ya huko uliko. Usingoje upate hela kwanza. Katika utafiti mmoja wa Sweden uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 2,000 wa kamari, vifo vya kujiua vilikuwa mara 15 ya vile vya watu wengine. Nilipoisoma namba hiyo nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Madeni tuliyaandika siku ya nne, kwenye daftari. Hakuwahi kuyajumlisha hata siku moja. Kichwani mwake hayakuwa na mwisho. Yalijaa ukurasa mmoja na mistari sita ya wa pili. Alitazama ile jumla, akaniuliza, "Ni haya tu?" Yalikuwa mengi, ni kazi ya miaka, lakini aliuliza hivyo.

Tukawapigia wadai mmoja mmoja. Mmoja alitukana, waliobaki wakakubali kulipwa kidogo kidogo. Akaunti za kubeti aliomba zifungwe, na mshahara wake tunaupangia pamoja, kwa ombi lake. Simpi tena hela mkononi ya kuzima deni.

Ameteleza mara mbili tangu hapo. Mara ya pili alikuja kuniambia kabla sijagundua, akitetemeka, na nilimkumbatia kabla sijauliza ni kiasi gani.

Daftari linakaa juu ya kabati. Jana alilishusha, akaukata mstari wa yule mfanyakazi mwenzake. Alitumia rula.