Mshahara wa mtoto wa fundi

Kila Idi shangazi ananiuliza swali lile lile: "Lini unarudi kumsaidia baba yako?" Mwaka huu sikumjibu. Jibu langu ni refu, na najua wenzangu wengi mna wazazi wenye maduka, mashine na mabanda.

Banda la Baba liko Keko, Dar es Salaam. Anatengeneza vitanda, makabati na makochi. Nikiwa darasa la tatu nilishajua kutofautisha mninga na mkongo kwa kunusa vumbi lake tu. Mninga unaletwa kutoka mbali, Tabora na Katavi huko, na Baba anaupenda kwa sababu ukikauka vizuri haupindi. "Mama," huniambia, "kitanda cha mninga utamwachia mjukuu."

Nilisoma uhasibu, nikaajiriwa kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo. Aliyebaki bandani ni mdogo wangu. Ana miaka 23, na yuko pale tangu amalize kidato cha nne. Anaranda, anakata chaga, na kwenye nakshi mkono wake umeshampita Baba. Lakini halipwi. Anakula nyumbani, anapewa nauli na hela ya vocha, na akitaka viatu anaomba. Mwaka jana alipotaka kuoa, mshenga alimuuliza kipato chake. Akakosa la kusema.

Swali lile la mshenga liliniuma mno. Jumamosi iliyofuata nikaenda bandani na daftari, nikakaa kwenye rundo la mbao, nikafuatilia kitanda kimoja cha tano kwa sita tangu mwanzo hadi mwisho. Mbao, pamoja na kuzipasua, 380,000. Gundi, misumari, msasa, sila, vanishi na thina, 65,000. Guta la kuleta mbao, 20,000. Kijana wa kupiga vanishi, 40,000. Jumla 505,000. Baba alikiuza 650,000 na akafurahi kwamba amepata 145,000.

Lakini kitanda kile kilichukua siku sita za Baba na siku nne za mdogo wangu. Gawanya: 14,500 kwa siku kwa kila mmoja, na hapo kodi ya eneo na umeme bado. Banda la jirani, fundi wa kukodi alikuwa analipwa 20,000 kwa siku. Miaka yote hiyo tuliyosema biashara inatulisha, Baba na mwanawe ndio walikuwa wanailisha biashara kwa jasho ambalo hakuna aliyeliandika popote. Na chai na wali anaoleta Mama kila mchana sikuuweka hata kwenye hesabu.

Nilipomwonyesha, Baba aliguswa vibaya. "Nimlipe mwanangu kama kibarua? Si vyote hivi vyake?" Nikamwambia, "Baba, ukimlipa ndiyo utajua bei ya kitanda chako." Hakunijibu. Alishika randa akaendelea na kazi mpaka jioni.

Siku ya tatu alinipigia simu mwenyewe. Kitanda sasa ni 780,000. Wateja wawili waliondoka, mmoja akaenda kununua cha mbao za kushindiliwa kutoka China. Wa tatu alipapasa ubao wa kichwani, akalipa nusu palepale.

Mimi sikubaliani na wanaosema mtoto anayesita ni mtovu wa shukrani. Nalipenda banda lile kuliko ofisi yangu. Nimemwambia Baba: daftari likionyesha mshahara wa mdogo wangu, na wa kwake mwenyewe, miezi mitatu mfululizo, naandika barua ya kuacha kazi.

Mwezi wa tano walilipwa wote wawili. Wa sita pia. Wa saba mteja wa makabati alichelewesha hela, Baba akamlipa mdogo wangu, yeye mwenyewe akakosa. Kwenye mstari wake ameandika kwa penseli: "nadai". Basi tumeanza kuhesabu upya, na mwezi huu Jumamosi zote niko Keko.